Bomba la Uzio wa Kaburi

Haraka ndiyo yenye baraka, binti yako anapokuwa na uchungu wa uzazi siku ya pili, ng'ambo ya mto uliofurika. Siwema alikuwa ameliinua gari kwa springi ndefu ili livuke, lakini ekseli ikaenda upande, na fimbo ya chuma ya kuishikilia isiyumbe ikawa fupi. Akakata bomba kwenye uzio wa kaburi la mumewe, pale uani, akalichomelea nati kila ncha, akaingiza humo boliti ili liweze kurefushwa. Sasa alilala chini ya gari, akiirefusha fimbo mpya kwa spana, kidogo kidogo, hadi ekseli ikakaa sawa.

"Shemeji, umemvunjia kaka nyumba yake! Kamwombe radhi!" ndugu wa marehemu alifoka.

Alitoka mvunguni, akawasha gari. Nyuma ya shemejiye, pengo la uzio lilielekea mtoni.

"Siombi. Fungua geti."