Koti la Siku ya Mvua

Kila mzee aliyepita miaka sabini alivaa kisaidizi cha kumbukumbu nyuma ya sikio, na sheria ilitaka kiwekewe kigunduzi. Mzee akisimulia jambo kutoka sehemu ya ubongo wake ambayo haikuwahi kuandikwa kumbukumbu yoyote, kigunduzi kililia.

Mwanahawa, fundi wa vifaa hivyo mjini Korogwe, alikuja nyumbani kumwekea baba yake, mzee Shekilindi. Alichagua kiwango kikali kuliko vyote.

"Haya, Baba, sema chochote tujaribu."

"Siku uliyozaliwa mvua ilinyesha," mzee akasema, akitabasamu. "Nilikubeba ndani ya koti langu kutoka zahanati. Ulinishika kidole njia nzima."

Kigunduzi kikalia.

Mwanahawa akakagua mara mbili. Sehemu ile ilikuwa tupu kabisa. Marehemu mama yake alimwambia siku zote kwamba baba alikuwa safarini wakati ule, na mzee mwenyewe hakuwahi kuizungumzia siku hiyo.

"Nimekosea, mwanangu?" Uso wa mzee ulikuwa umesawijika.

"Hujakosea, Baba. Ni mashine tu, bado sijaiweka sawa."

Akabadilisha mpangilio, kigunduzi kiandike makosa kimyakimya bila kulia. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na magoti ya baba yake.

"Nisimulie tena."

Mzee akasimulia, safari hii kwa kirefu. Mwanahawa alisikiliza huku machozi yakimlengalenga, na kabla hadithi haijafika nyumbani akawa anaukumbuka waziwazi ubaridi wa vifungo vya koti lile.