Neno la Mjane

"Lifute!" Frema alikita kidole juu ya karatasi kabla wino haujakauka. "Lifute hilo neno, au leo mashine yako haingurumi hapa!"

Yaw Amponsah, mchapaji wa vijitabu vya mazishi pale Bantama, alivua miwani. Bwana Boadu alikuwa anazikwa Jumamosi, na vijitabu mia tatu vilikuwa bado. Akausoma tena ule mstari wa mjane: alimuuguza mumewe "tirelessly" mpaka pumzi ya mwisho.

"Kosa liko wapi, Maame? Hilo neno ni chumvi ya kijitabu. Marehemu wote huuguzwa hivyo."

"Nimemuuliza mwalimu wa kanisani. Anasema maana yake bila kuchoka, bila kukoma. Bila kuchoka gani, naye yuko London? Miaka sita kaja mara mbili, na kopo la biskuti mkononi!"

Hasira zilimpanda Frema. Miaka sita ni yeye aliyemgeuza Boadu kitandani, akamlisha supu kwa kijiko, akafua mashuka kila alfajiri. Ndugu zake Boadu walikuwa wakiishia mlangoni, pua wameziba. Na Jumamosi kanisa zima lingesomewa kwamba kazi hiyo kaifanya Dufie, huyo mjane wa London.

"Kiingereza anakijua, sikatai," alisema kwa uchungu. "Kuna mtu aliuza nyanya juani ili akijue."

Yaw hakuwa akisikiliza. Alimtazama usoni, akaitazama picha ya marehemu, akaona umri wao haupishani sana. Akacheka chinichini.

"Ahaa! Kumbe nyumba ndogo imekuja kudai chake. Pole, mrembo. Kwenye kijitabu changu hawara hapewi ukurasa."

Frema alimeza tusi hilo kama dawa chungu. Akachomoa kalamu iliyokuwa sikioni mwa Yaw, akalikata lile neno mara tatu, karatasi ikatoboka.

"Haya, umelikata," Yaw alifoka, sasa naye kakasirika kwelikweli. "Kazi hii kaileta mjane mwenyewe. Akipiga simu, nimwambie nani kamkatia neno lake?"

"Mwambie ni mama aliyemzaa," Frema alisema. "Miaka sita nimemvua mkwe wangu nguo nikamwogesha, na kila siku nilichoka."