Tumbusi Aliyewahi Matanga

Bibi Kongoni aliota uvimbe shingoni, na mganga Kakakuona akamwambia wazi kwamba ugonjwa huo hauna tiba. Siku hiyohiyo mganga akawaita wenzake watatu: Nungunungu wa kutuliza maumivu, Kanga wa kumtafutia chakula laini, na Njiwa wa kumsikiliza anapoingiwa na hofu.

Tumbusi aliwaona wakiingia, akatua mtini na wanawe.

"Wakishaitwa hawa, mgonjwa hamalizi wiki," aliwaambia. "Msile kitu. Wekeni nafasi tumboni."

Wiki ikapita. Kongoni, ambaye maumivu yalikuwa yamemnyima usingizi, sasa alilala, akaamka na kula. Mvua za vuli zilimkuta akimfundisha mjukuu wake kuruka korongo. Tumbusi alikuwa amebaki mifupa na manyoya.

Akashuka kwa hasira. "Bibi, si walisema huponi?"

"Siponi. Ugonjwa huu utaniua."

"Sasa hawa watatu walikuja kufanya nini mapema yote ile?"

"Walikuja kwa sababu ningali hai," alisema Kongoni, huku akitafuna. "Nikishakufa, wewe peke yako unatosha."