Tumbo la Rais

Utepe wa kupimia ulionyesha inchi arobaini na nne, na fundi cherehani akadhani amekosea.

Akauzungusha tena kiunoni mwa rais. Arobaini na nne zilezile.

Alikuwa akimshonea tangu rais akiwa mwalimu mwenye suruali mbili tu. Alimpima alipopata ubunge, alipopata uwaziri, na kabla ya kuapishwa mara zote mbili. Kila alipopimwa, mtu huyu alivuta tumbo ndani na kuzuia pumzi mpaka utepe uondoke. Suti ya leo ilikuwa ya kuvaliwa kesho, siku ya kutangaza kwamba anagombea tena. Lakini tumbo lilikuwa limeachiwa, limelala juu ya mkanda kama paka aliyeshiba.

"Mheshimiwa, hujavuta tumbo."

"Nimechoka kulivuta, dada yangu. Miaka thelathini si mchezo!"

"Na kesho je?"

"Kesho nawaambia watafute mgombea mwingine, mimi narudi nyumbani. Mke wangu anajua. Sasa na wewe unajua."

Fundi alicheka, kiganja mdomoni. Rais naye akacheka, na tumbo likatikisika bila aibu.

Mlango ukagongwa.

"Fundi!" waziri anayesimamia kampeni aliita kutoka nje. "Suti ya ushindi itakuwa tayari asubuhi?"

Rais akamshika fundi mkono.

"Mjibu wewe," akanong'ona. "Huyu mimi namwogopa."

Fundi akautundika utepe shingoni, akaenda kufungua mlango.