Jogoo wa Pili

Tangu alfajiri jogoo mweupe alikuwa amefungwa mguu mlangoni pa Lamisi, na wanawake waliopita kwenda kisimani walimkwepa. Asibi peke yake ndiye aliyemrushia punje za mtama.

"Kula, bwana," alimwambia. "Hata wa kunyongwa hupewa chakula."

Lamisi alicheka. Alasiri ile mwenye mzimu, mzee wa matambiko, angemchinja jogoo mbele ya mzimu na kumwacha atapatape. Akifa chali, Lamisi si mchawi, arudi kwao. Akifa kifudifudi, ni mchawi, na atazikwa hapa hapa kambini, pamoja na wanawake wengine waliofukuzwa kwao kwa uchawi.

Jogoo wa kwanza, wa siku ile alipofika na damu kichwani, alikufa kifudifudi. Walisema Lamisi amemla roho mjukuu wake, mtoto wa mwanawe Napari. Malaria ndiyo iliyomuua mtoto yule, na Lamisi ndiye aliyekesha akimkanda kwa kitambaa cha maji mpaka pumzi ikakatika. Lakini shemeji yake aliota ndoto, na mwanamume akishaota ndoto, nani tena atauliza habari za homa? Walimfukuza kwa mawe mpaka mtoni. Napari hakurusha jiwe, wala hakufungua mdomo.

Kambi si mahali pa kumtakia mtu. Mapaa ya nyasi yanavuja, kisima kiko mbali, na kuna miezi wanawake huenda sokoni kuokota nafaka zilizomwagika chini ya magunia ya watu. Siku za mwanzo Lamisi alilala akiutazama ukuta, akingoja kufa. Asibi aliingia kwake na kibuyu cha mafuta ya shea.

"Nipe miguu."

"Miguu yangu ina nini?"

"Imekukimbiza ukapona, na hujaishukuru. Lete hapa, mchawi we!"

Lamisi akaanzia hapo. Akajizoeza kuoga maji ya moto asubuhi, maana kwa mumewe maji ya moto yalikuwa ya wanaume. Akawa anajipaka mafuta taratibu, kidole kwa kidole. Alipanda bamia nyuma ya kibanda na kuzichuma zikiwa bado changa, yeye mwenyewe, bila kumwekea mgeni. Na alikula ameketi. Tangu aolewe alikuwa akila wa mwisho, amesimama, sikio liko nje asije akaitwa. Hakuwahi kujua kwamba ugali wa mtama una utamu wake. Walipoletwa wanawake wapya wenye majeraha mabichi, Lamisi ndiye aliyewapokea. Aliwaambia wanywe maji kwanza kabla ya kumchotea mwingine, na kwamba hakuna kulala hapa bila kucheka, hata kama ni kujicheka mwenyewe.

Napari alifika na pikipiki jua likiwa utosini. Alikuwa amenenepa. Alipiga magoti mavumbini akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

"Nisamehe, mama. Nimembembeleza mwenye mzimu mpaka akakubali jogoo wa pili. Nataka urudi nyumbani."

Lamisi alimshika kichwa. Alimpenda mwanawe, mapenzi hayo hayakupungua hata siku moja, na yalimuuma.

"Mkeo hajambo?"

"Amejifungua mapacha, mama. Hana wa kumsaidia. Kisima chetu kimekauka, maji siku hizi ni ya mtoni. Karanga nazo zimekomaa, hakuna wa kuzing'oa. Halafu baba mdogo hajiwezi tena, anahitaji mtu wa kumwogesha." Akajifuta machozi, akatabasamu. "Nyumba nzima imekukumbuka."

"Baba mdogo yule aliyeota?"

"Uzee, mama. Ameshasahau yote."

Napari mwenyewe akaingia kibandani kumfungia mzigo, na wanawake walisimama wakimtazama kwa wivu wasioweza kuuficha. Ni yupi kati yao aliyekuwa na mtoto wa kumfuata?

Asibi alimsindikiza mpaka mzimuni, amemshika mkono.

"Akilala chali utatuacha, shoga. Nitagombana na nani mimi?"

"Niombee tu."

"Nimekuombea tangu jana. Ila dua la kuku, unalijua mwenyewe."

Mwenye mzimu alipitisha kisu. Jogoo aliruka, akagonga ukuta, akaanguka kifudifudi. Umati ukaguna. Lamisi alifumba macho, midomo ikimwenda mbio kwa dua, na Asibi akamkumbatia kiuno.

Alipofumbua macho, jogoo alikuwa amejipindua kwa tapatapa ya mwisho. Alilala chali, kifua juu, mabawa wazi.

Vigelegele vikalipuka. Waliovipiga kwa nguvu kuliko wote ni wale ambao jogoo wao walikufa vibaya, maskini. Mwenye mzimu alimnyunyizia Lamisi maji na kumtangaza kuwa ni safi. Napari alimkumbatia mbele ya watu wote, huku akicheka na kulia.

"Umeshinda, mama! Twende tuwahi kabla ya giza. Leo mapacha watalala mgongoni kwako."

Lamisi alilia mpaka kilemba kikamdondoka, na hakuna aliyeshangaa, kwani nani asingelia? Kisha akajitoa mikononi mwa mwanawe. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, akamfuta vumbi shavuni kwa kiganja.

"Jogoo huyu amedanganya, Napari," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma ya umati. "Mwanao nilimla mimi."