Jina la Mama Latifa Linakufa Ijumaa

Directeur Général wa majina yote ya internet alikuwa amechuchumaa nyuma ya choo cha mama yake, pale Kasongo. Njo pale tu réseau ya simu inakamata vizuri, na mbuzi hawafiki kupiga kelele.

"Alo, Mama Latifa! Ni mie Directeur, niko Kinshasa, ku étage, gorofa ya kumi na mbili."

"Ah, Directeur! Habari ya kwenu? Bibi? Watoto? Na ule mutoto wa mafua?"

Kamaldine, njo jina la kweli la Directeur, hakuwa na bibi wa ndoa wala mutoto. Ule wa mafua alimuzua siku ya kwanza, kwa kujaza salamu, na tangu hapo mama hasahau kumuulizia.

"Amepona, Mama. Sasa sikia. Jina la site yako ya internet linakufa Ijumaa. Dola mia mbili hazijaingia. Likikufa, mutu mwingine atalichukua, na wateja wako wa Bukavu watanunua mafuta ya mawese kwake wakisema ni kwako."

"Uuui! Jina langu! Lakini Directeur, mwaka jana nililipa dola kumi na tano tu."

"Mwaka jana lilikuwa changa. Jina ni sawa mutoto, Mama. Likikua, linakula zaidi."

Kule kwake Kabambare mama akakubali. "Ni kweli," akasema. "Wa kwangu walikula hivyo hivyo. Basi univumilie. Kuna mutu mumoja iko na deni letu. Akileta tu, natuma yote."

Kamaldine akakata simu. Jina lile hakuliuza yeye, wala hakuwa na nguvu ya kuliua. Aliliona tu ku internet, tarehe yake karibu kuisha, na numero ya mama iko pale chini ya picha ya bidons, madumu ya mawese. Lakini angefanya nini? Mahari ya muchumba wake Aicha ilibakia dola mia mbili, na Muzee Djafari, baba ya Aicha, alishamuambia wazi: Ijumaa hii ao basi, kuna mwenye duka wa Nyangwe anaulizauliza sana.

Rafiki yake Chadrack, aliyesikia yote pale pembeni, alikuwa anacheka mupaka anashika ukuta. "Siku ule mama atafungua site ya kule alinunulia jina, ataona bei ni ile ile ya mwaka jana. Atalipa mwenyewe, na wewe utabaki na choo chako."

"Njo maana lazima alipe haraka, mbele ya kufikiri."

Kesho yake akachuchumaa tena.

"Mama, ule mutu wenu ni mutu wa namna gani? Mumusukume! Watu wa vile ukiwachekea, wanalala."

"Unasema kweli kabisa, Directeur. Acha nimupigishie kelele."

Chai ya Kamaldine haikupata hata kupoa, simu yake ikalia. Muzee Djafari! "We kijana! Sisi tunakuchekea, wewe unalala?"

"Nalala wapi, Baba? Pesa iko njiani!"

Mbio nyuma ya choo. Akamuambia Mama Latifa kama Kinshasa imeweka amende, faini ya kuchelewa, dola makumi tano juu. Mama akalalamika, akataja watoto yatima wa dada yake, akataja mvua iliyokata barabara. Mwisho akashusha pumzi.

"Sawa. Lakini mimi sitaki kupata hasara. Ule mutu njo anatuchelewesha, tutamuongezea yeye."

"Mumuongezee!" Kamaldine akasema, moyo mutamu sawa asali. "Na musimuonee huruma!"

Jua halijazama, Muzee Djafari akapiga tena. Familia imekaa, akasema, imeona mukwe anavuta miguu. Mahari imepanda dola makumi tano.

Kamaldine akabaki anaangalia simu. "Chadrack," akasema, "hii dunia iko na watu wabaya, wee!"

Alhamisi mama mwenyewe akapiga, anacheka. "Directeur, furahi! Nimechoka kungoja. Nimepanda moto, pikipiki ya watu, naenda kumukamata ule mutu uso kwa uso. Kesho swala ikiisha analeta, na mie natuma pale pale."

Swala ikiisha! Saa ile ile wazee wanamungoja! Kamaldine akaona Mungu amepanga mwenyewe. Atafika, atakaa, pesa itaingia mu simu, atawahamishia, basi, Aicha ni wake. Akaazima kanzu ya kaka yake, akajimwagia manukato mupaka jirani wakapiga chafya.

Ijumaa, sebule ya Muzee Djafari ilijaa. Wazee ku mukeka huku, wanawake kule, Aicha ameinamisha kichwa katikati yao, karibu na shangazi mwenye kupokea mahari. Walimusalimia kwa kichwa tu. Hakuna mutu aliyecheka.

"Tunakusikiliza, mukwe," akasema Muzee Djafari.

Kamaldine akachungulia simu. Hakuna kitu. Solde, pesa ya mu simu, ni ile ile ya asubuhi, haitoshi hata mukate.

"Dakika moja, Baba. Kuna mutu mumoja anatuma sasa hivi. Nimukumbushe tu."

Akageukia ukuta, akasafisha koo akitafuta sauti yake ya Kinshasa, akabonyeza.

Simu ikalia mule mule mu nyumba.

Shangazi wa Aicha, vumbi ya njia bado ku miguu, akainua mukono watu wanyamaze, akaweka simu ku sikio.

"Alo, Directeur? Hapana kata. Ule mutu wetu wa deni ameisha kuingia. Iko hapa mbele yangu, amegeukia ukuta, anapiga simu."