Kishikizo cha Koti

Nikakisogeza kishikizo cha koti miraba miwili mbele, kama alivyokuwa akifanya marehemu mke wangu kila tulipoanza sataranji. Kete ya askari ambayo kinashika nafasi yake ilipotea zamani, na mimi ni fundi cherehani, vishikizo havinipungukii.

Alikuwa akikitoa mapema namna hiyo, hakina mlinzi, halafu anakunja mikono. "Ukile, Fundi. Cha bure hicho."

"Rahisi ghali," namjibu, nakiacha.

Anacheka. "Utazikwa na huo woga wako. Siku ukikila ndiyo utanijua."

Sasa kiti chake kinakaliwa na koti la mteja, nami nacheza pande zote mbili, nyeusi zangu, nyeupe zake.

Nikakila. Kikatulia kiganjani, kingali na kijiuzi cha buluu katika tundu moja.

Nikaugeuza ubao ili nimchezee zamu yake. Nikagusa kete moja, nikaiacha. Miaka yote ile sikuwahi kukila, kwa hiyo sikuwahi kuona alichokuwa amepanga.

Nikaurudisha ubao, nyeupe zikaelekea kitini kwake. Nikaliondoa lile koti.

"Haya," nikamwambia, "cheza."